UZI: Tezi ya shingo – kupima, kusoma majibu na kumeza dawa inavyotakiwa

TabibuLangoni (Lamu)

Masalkheri jamani. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenzetu wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Faza na Siyu hadi Mambrui na Watamu, na kwa yeyote anayeuguza mtu nyumbani. Mada ni tezi ya shingo, ile yenye umbo la kipepeo inayokaa chini ya kongomeo. Wengine huiita thairoidi.

Wagonjwa wa tezi hii hutufikia wamechelewa kwa sababu dalili zake hufanana na za maradhi mengine mengi. Tezi ikilegea, mtu huchoka, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, hedhi huwa nzito, sauti hukwaruza na mapigo ya moyo huenda polepole. Ataambiwa damu imepungua, au mvivu, au ana huzuni. Tezi ikizidisha kazi, mtu hukonda na huku anakula sana, mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio hata akiwa amelala, usingizi humruka na hasira huwa karibu. Huyu ataambiwa ana jini. Kisomo na kombe havimdhuru, asikatazwe. Ila damu ipimwe wiki hiyo hiyo.

Hali yetu ya hewa hutusaidia. Anayejifunika shuka mwezi wa Februari, kaskazi imeshika na nyumba nzima imetoka barazani kutafuta upepo, mpime. Anayetota jasho Julai, kusi inavuma na wenziwe wamevaa sweta, mpime vile vile.

Kabla ya damu, tumia mikono. Mpe glasi ya maji ameze huku ukimtazama shingo: uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na mmezo ni wa tezi. Ukishikika lakini hauonekani shingo ikiwa wima, hilo ni rovu daraja la 1. Ukionekana bila kugusa, ni la 2. Mwambie anyoshe mikono mbele, viganja chini, umlazie karatasi juu ya vidole. Mtetemo ambao jicho halikuuona, karatasi itauonyesha. Hesabu mapigo dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha.

Kisha omba vipimo viwili pamoja: TSH na T4 huru. T4 ni homoni ya tezi ya shingo yenyewe, na huru ni ile iliyo tayari kutumika mwilini. TSH haitoki shingoni. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Tezi ikizembea, himizo hupanda. Tezi ikipita kiasi, himizo hukatika. Kwa hivyo TSH ya juu maana yake tezi imelegea, na hapa ndipo wengi hujikwaa wakatoa dawa ya kinyume. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha TSH kati ya 0.4 na 4.0. TSH juu na T4 huru chini: tezi imelegea. TSH karibu na sifuri na T4 huru juu: imezidi. TSH juu na T4 huru sawa: tezi inaanza kuchoka, na huyu tutamzungumzia mbele.

FundiMaabara_Maweni (Malindi)

Umefungua vizuri, Tabibu. Naongeza upande wetu, maana majibu mengi huharibika kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Mgonjwa hahitaji kufunga kula kwa vipimo hivi. Lakini anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, asimeze kidonge cha siku hiyo mpaka damu itoke, kwa sababu T4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza. Na TSH yenyewe hupanda usiku na kushuka mchana. Mgonjwa anayefuatiliwa apimwe saa zile zile kila mara, bora asubuhi. Aliyepimwa saa 2 asubuhi mara ya kwanza na saa 9 alasiri mara ya pili, majibu yake hayalinganishiki vizuri.

Mnaotuma sampuli kutoka visiwani: damu iache igande dakika 30, izungusheni kwenye sentrifuji, seramu itengwe kwenye chupa safi ndipo isafiri, ikiwa kwenye kisanduku cha baridi cha nyuzi 2 hadi 8. Damu isiyotengwa, ikipigwa jua kwenye boti la kwenda Mokowe kisha ikatikiswa basini hadi huku, hufika chembe zimepasuka na hurudishwa. Andikeni saa ya kutoa damu, dawa anazotumia, na kama ana mimba na ya miezi mingapi.

Jambo lingine linalokua ni vidonge vya nywele na kucha. Vina biotini nyingi, mara nyingi miligramu 5 au 10, na baadhi ya mashine hutumia biotini hiyo hiyo ndani ya kipimo chake. Matokeo yake TSH hushuka kwa uongo na T4 hupanda kwa uongo, picha kamili ya tezi iliyozidi kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Aache vidonge hivyo siku 2 hadi 3 kabla ya kupimwa.

Angalieni pia vizio. Maabara moja huandika T4 huru kwa pmol/L, nyingine kwa ng/dL. Kuhamisha, zidisha ng/dL kwa 12.9. Jibu la 1.2 na jibu la 15.5 ni kitu kimoja. Mgonjwa asishtuliwe kuwa "imepanda mara kumi".

Na msipime tezi kwa mgonjwa aliyelazwa na nimonia au malaria kali isipokuwa mnaishuku tezi yenyewe. Ugonjwa mzito hushusha TSH na T3, homoni ya pili ya tezi, kwa muda. Mngojeeni apone, mpime baada ya wiki 6 hivi.

MhudumuJamii_Gongoni

Ahsante walimu wangu. Nina maswali mawili ya mtaani. Vijana wa miraa wengi wamekonda, hawalali, moyo unadunda. Hao nao nianze kuwapeleka kupima tezi? La pili, huku kwetu watu husema sisi tuko kwenye mashamba ya chumvi na samaki tunakula, rovu haliwezi kutupata. Ni kweli?

TabibuLangoni

Miraa hupandisha mapigo, hukata hamu ya kula na huondoa usingizi, kwa hivyo umeuliza vyema. Tofauti iko kwenye chakula: mla miraa hukonda kwa kuwa hali, mwenye tezi iliyozidi hukonda na anakula kuliko wote nyumbani. Mwambie apumzike siku 3 bila kutafuna, kisha hesabu mapigo asubuhi kabla hajainuka kitandani. Yakiwa bado yanapita 100, au ana rovu, au macho yamemtoka, mpeleke. TSH haidanganywi na miraa. Na kila aliyekonda bila sababu apimwe pia kifua kikuu, sukari na VVU siku hiyo hiyo.

Swali la chumvi namwachia mwenzangu wa duka la dawa, hilo analijua.

DukaLaDawa_Mkomani (Lamu)

Chumvi ya bahari ikishakauka haibaki na madini joto ya kutosha, ndugu yangu. Maji ya bahari yana madini joto kidogo mno, na yanayobaki kwenye chumvi ni kidogo zaidi. Chumvi hutiwa madini joto kiwandani, na sheria ya Kenya imetaka hivyo tangu 1978. Kwa hivyo chumvi ghafi inayochotwa kwenye mabwawa ya Gongoni na Ngomeni ikauzwa kwa kopo kabla haijapita kiwandani, hiyo haimlindi mtu, hata kama imetoka kilomita mbili kutoka kwake. Waambie wanunue iliyofungwa na yenye maandishi kuwa imetiwa madini joto, waiweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto na unyevu, waitie chakulani mwishoni mwa kupika.

Samaki wa bahari husaidia kweli. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Muhogo wetu hauna neno ukiloweshwa na kupikwa vizuri. Huleta rovu pale tu ambapo ni ule mchungu, haukuandaliwa sawa, na madini joto yenyewe ni haba.

Ila ikieleweka hivyo, mtu asikimbilie kunywa matone ya madini joto. Mwenye rovu la siku nyingi lenye vinundu akimiminiwa madini joto ghafla, tezi huweza kulipuka ikazidisha kazi. Rovu la mtu mzima halitibiwi kwa chumvi. Chumvi ni kinga ya mtoto na mjamzito.

Sasa levothairoksini, kwa sababu hii ndiyo dawa ninayoiona ikiharibiwa zaidi, na kosa haliko kwenye dawa.

Kipimo kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi tena ni maikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 huishia karibu na 100 kwa siku. Kijana mwenye moyo mzima anaweza kuanza karibu na kipimo kamili. Mzee, au mwenye maradhi ya moyo, huanza na 12.5 au 25, akapandishwa kidogo kidogo, maana moyo uliozoea kwenda polepole ukiharakishwa ghafla huweza kuuma au kwenda ovyo. TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Usipime baada ya wiki 2: nusu ya dawa hukaa mwilini siku 7, na TSH hufuata nyuma yake. Anayepima mapema atakuta TSH bado iko juu, ataongeza, kisha ataongeza tena, na mwezi wa tatu mgonjwa anatetemeka.

Someni kizio kwenye pakiti. Miligramu 0.1 ni maikrogramu 100. Aliyeandikiwa 50 akapewa 0.5 amepewa mara kumi.

Kumeza: tumbo tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kitu chochote. Chai ya maziwa huzuia. Kahawa chungu ya barazani huzuia. Vidonge vya damu, vya kalsiamu na dawa ya kiungulia yenye alumini huzuia zaidi, hivyo vikae mbali kwa saa 4. Wakati mzuri kwa watu wetu ni alfajiri: aamkapo kwa ajili ya sala anameza, anakwenda msikitini, akirudi saa nzima imepita na mahamri yanamngoja. Mgonjwa ambaye TSH yake haishuki, kabla hujampandishia, muulize anameza na nini. Mara nyingi jibu ni "na chai".

Vidonge vikae kwenye pakiti yake, chini ya nyuzi 25 ikiwezekana. Dirishani, jikoni au kwenye mkoba juani, kwa joto letu, nguvu hupungua. Nyumba isiyo na friji, chombo chenye kifuniko kwenye kidaka kilicho ndani ya ukuta wa mawe kinafaa kuliko juu ya kabati la mabati.

BiMuuguzi_Shela

Ramadhani je? Kila mwaka wanatuuliza, na wengine huacha dawa mwezi mzima.

DukaLaDawa_Mkomani

Wasiache, dada. Mwenye tezi iliyolegea ambaye dawa imeshamkaa sawa anaweza kufunga. Njia zipo mbili. Ya kwanza, aamke saa 9 na nusu usiku ameze kwa maji, arudi kulala, ale daku saa 10 na nusu. Ya pili, adhana ya Magharibi ikilia afungue kwa kidonge na maji, aswali, asubiri nusu saa au zaidi kidogo ndipo ale tende, uji na sambusa. Kumeza wakati wa kulala, saa 3 baada ya chakula cha mwisho, ni njia nzuri miezi mingine, lakini Ramadhani chakula huendelea baada ya tarawehe na hiyo nafasi haipatikani. Achague moja ashike hiyo hiyo mwezi mzima. TSH ipimwe wiki 6 baada ya Idi, atakapokuwa amerudi kwenye saa zake za kawaida.

Kusahau siku moja hakumwangushi mtu, dawa bado iko mwilini. Kuacha mwezi ni jambo jingine.

Mwenye tezi iliyozidi ambaye haijatulia, mapigo bado yako juu na anakonda, huyo asifunge mpaka itulie. Jasho na joto humkausha haraka.

TabibuLangoni

Nikamilishe hapo kwa tezi iliyozidi. Sababu kuu ni tatu: ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili yenyewe huichochea tezi, rovu lenye vinundu vinavyojiendesha bila kuamrishwa, na tezi iliyovimba ikamwaga homoni iliyokuwa imehifadhiwa. Kuzitofautisha ni muhimu, kwa kuwa ya tatu haitibiwi kwa kabimazoli, dawa inayoizuia tezi kutengeneza homoni. Tezi haitengenezi kupita kiasi, inavuja tu, na itatulia yenyewe baada ya wiki kadhaa. Macho yaliyotoka huonyesha Graves. Shingo inayouma ukiigusa, na homa, huonyesha uvimbe. Kama hujui, kipimo cha TRAb, kingamwili zinazoichochea tezi kwenye Graves, husaidia.

Kabimazoli huanza miligramu 15 hadi 40 kwa siku kulingana na ukali, kisha hushushwa hadi 5 au 10. Kutetemeka na moyo hutulizwa kwa propranololi 10 hadi 40 mara tatu kwa siku, ila kwa mwenye pumu, usimpe. Fuatilia kwa T4 huru kila wiki 4 hadi 6. Usifuate TSH miezi ya mwanzo: hubaki karibu na sifuri kwa muda mrefu hata T4 ikiwa imeshashuka, na anayeifuata huongeza dawa mpaka mgonjwa anavimba. Graves hutibiwa miezi 12 hadi 18, na karibu nusu hurudiwa na ugonjwa baada ya kuacha.

Neno moja mgonjwa aondoke nalo ameliandika kwenye karatasi: homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha kabimazoli na upime chembe nyeupe siku hiyo hiyo. Kwa wachache dawa hii hufuta chembe zinazopigana na maradhi, zaidi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Usimpe dawa ya koo ukamrudisha nyumbani. Aliye Kiunga au Ndau, boti litafutwe usiku ule.

Anayevuta sigara aache: macho ya Graves huharibika zaidi kwa moshi. Akisema rangi zimefifia au macho hayafungi akilala, hiyo ni rufaa ya haraka.

Dawa ikishindwa, zimebaki mbili: madini joto yenye mnururisho, ambayo kutoka kwetu ni safari ya Nairobi, au upasuaji. Ya kwanza hapewi mjamzito wala anayenyonyesha, na mimba hungojwa angalau miezi 6. Upasuaji una hatari ya kugusa mshipa wa sauti na vijitezi vya kalsiamu, kwa hivyo baada yake mtu akihisi ganzi midomoni au vidole vikikakamaa, pima kalsiamu mara moja. Njia zote mbili humwacha mtu, mara nyingi, na levothairoksini maisha yake yote. Aambiwe kabla.

Mkunga_Mambrui

Sijaona mama mjamzito akitajwa ila kwa kupita, na yeye ndiye ambaye saa zake ni chache.

Mwanamke aliye kwenye levothairoksini akikosa hedhi na kipimo cha mkojo kikaonyesha mimba, aongeze siku ile ile: vidonge 9 kwa wiki badala ya 7. Asingoje kliniki ya mwezi wa nne. Mtoto hutegemea homoni ya mama wiki zile za mwanzo. TSH ipimwe kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito, ishikwe chini ya 2.5. Vidonge vya damu tunavyowapa kliniki vihamishiwe mchana au usiku. Tusipowaeleza, sisi wenyewe ndio tunaiharibu dawa.

Kinyume chake, TSH iliyoshuka kidogo miezi 3 ya kwanza, mama anatapika, mara nyingi ni homoni ya mimba tu. Usimwanzishie kabimazoli bila kuona T4 huru. Akiwa ana Graves kweli, miezi hiyo hutumika propilithiourasili, kwa sababu kabimazoli huweza kumletea mtoto kasoro.

Baada ya kujifungua, ndani ya mwaka mmoja, tezi huweza kuzidi kisha ikalegea. Mama anayelia na kuchoka mwezi wa tano asiambiwe tu kuwa ni uzazi.

Na yule aliyetokwa na damu nyingi akijifungua, maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, sasa amechoka na ana baridi? Kwake TSH inaweza kuwa ya kawaida au chini, na T4 huru chini. Aliyepima TSH peke yake atamwambia ni mzima. Ile tezi ndogo ya chini ya ubongo ndiyo haihimizi. Huyu pima kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, kabla ya kugusa levothairoksini. Tezi hizo zikiwa dhaifu, levothairoksini peke yake inaweza kumuua.

Mtoto mchanga: manjano inayopita wiki 2, choo kigumu, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza, kilio cha kukwaruza, analala hata kunyonya hataki. Wanamsifu kuwa mtoto mtulivu. Mpime. Ni vyema tone la kisigino lichukuliwe siku ya 2 hadi ya 3, kwa kuwa mara tu baada ya kuzaliwa TSH hupanda yenyewe. Kipimo chake cha levothairoksini ni maikrogramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, kianze ndani ya wiki 2 za kwanza. Kidonge husagwa kwa kijiko, kikachanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama, akapewa pale pale. Usikitie kwenye chupa nzima: asipomaliza hujui amekunywa kiasi gani.

BiMuuguzi_Shela

Na ile TSH ya 6 au 7 na T4 sawa? Mmeahidi.

TabibuLangoni

Irudie baada ya miezi 2 hadi 3 pamoja na TPO, kingamwili zinazoonyesha kuwa kinga ya mwili inaishambulia tezi. Nyingi hurudi zenyewe. Ikipita 10, tibu. Kati ya 4 na 10 kwa mzee wa miaka 75 asiye na dalili, mwache. TSH hupanda kidogo na umri.

Mkunga_Mambrui

Isipokuwa anayetafuta mtoto, Tabibu. Huyo mimi simngojei.

TabibuLangoni

Kweli, Bi Mkunga, nakubali. Anayetafuta mtoto, au aliyekwisha kushika mimba, na hasa TPO ikiwa juu, atibiwe kwa kipimo kidogo cha levothairoksini, maikrogramu 25 hadi 50.

FundiMaabara_Maweni

Kinundu kimoja kimesahauliwa. Kinundu shingoni: TSH kwanza, halafu ultrasaundi. TSH ikiwa chini, kinundu huenda kinajiendesha na mara chache huwa saratani. TSH ikiwa sawa au juu, ultrasaundi ndiyo huamua kama kitachomwa sindano nyembamba. Kwa kawaida huanzia sentimita 1 kikiwa na sura ya kutia shaka. Vilivyo vingi si saratani. Visivyongoja ni kigumu kama jiwe, kisichosogea, kinachokua haraka, chenye sauti iliyokwaruza au mitoki shingoni.

MhudumuJamii_Gongoni

Swali la mwisho: mgonjwa amebadilishiwa pakiti, kampuni nyingine, kipimo kile kile. Kuna neno?

DukaLaDawa_Mkomani

Linaweza kuwapo. Ufyonzwaji hutofautiana kidogo baina ya watengenezaji. Akae na mmoja akiweza. Akibadilishiwa, andika tarehe kwenye kitabu chake na urudie TSH baada ya wiki 6. Anayetoka visiwani mpe dozi ya miezi 3 kwa mara moja, pakiti zote za mtengenezaji mmoja, na uangalie tarehe ya mwisho kwenye kila moja kabla hajapanda boti.